Shangazi, kwa Baba mimi ni daktari tayari

Shikamoo Shangazi,

Naandika usiku sana, kwa hiyo ukikuta sentensi zimepinda nivumilie. Nina miaka 20, niko mwaka wa tatu chuoni hapa Marekani, nasoma biolojia. Tulifika na wazazi na wadogo zangu watatu kama wakimbizi nikiwa na miaka 10. Sasa sote tuna grini kadi.

Shida yangu ilianza kwa neno moja. Siku nilipopata barua ya kukubaliwa chuo, Baba alisimama mbele ya watu akasema, "Binti yangu anakwenda kusomea udaktari." Sikumsahihisha. Kule walikokulia wao, mtu akimaliza sekondari na alama nzuri anaingia moja kwa moja kwenye udaktari, miaka mitano sita anatoka amevaa koti jeupe. Niliwahi kumwambia kwamba hapa unaanza na shahada ya kwanza, akanijibu, "Sawa, si ndiyo hiyo hiyo." Tangu hapo jina langu nyumbani ni Daktari. Wajomba wakipiga simu wananiuliza dawa ya presha. Mama mdogo alinitumia picha ya upele wake. Na wote wanahesabu: bado mwaka na kidogo, Daktari anamaliza.

Ukweli ni huu. Muhula uliopita nilipata C+ kwenye kemia ya kaboni, ile tunaiita oganiki. Muhula huu nasoma oganiki ya pili na mtihani wa kwanza nimepata 58 kwa 100. GPA yangu, yaani wastani wa alama zangu zote ambao juu kabisa ni 4.0, ni 3.4, lakini nikihesabu masomo ya sayansi peke yake inashuka mpaka 3.1. Nimepanga kufanya MCAT, ule mtihani wa kuombea shule ya udaktari, mwezi wa nne, mwezi wa sita nitume maombi, ili nikimaliza chuo niunganishe moja kwa moja. Nikichelewa mwaka mmoja nitamwambia nini Baba?

Niko kwenye vyama vitano vya wanafunzi, kimoja mimi ndiye mweka hazina. Kila Jumamosi najitolea hospitali, najaza glavu kwenye maboksi na kusukuma viti vya magurudumu. Nimefikisha saa 90 tu, mwenzangu ana 600. Sasa kuna safari ya wiki mbili kwenda Afrika, wanafunzi wanapima watu presha na kusaidia kuchoma sindano, na wanasema shule za udaktari zinapenda sana kitu hicho. Ni dola elfu kadhaa. Naona kama kichekesho, mimi nikope hela nikawe mgeni Afrika, lakini wenzangu karibu wote wanakwenda. Nikope?

Kwenye saa zangu sijaweka zile za kuwasindikiza wazee wetu hospitali na kuwatafsiria, maana hiyo si kazi, ni mambo ya nyumbani tu, nafanya tangu nina miaka 13. Mwezi uliopita nilikwenda na bibi mmoja jirani yetu. Daktari aliongea kama dakika tatu, mimi nikamwambia bibi sentensi moja. Akasema asante mwanangu, tukaenda kusubiri basi. Tangu siku hiyo silali vizuri, lakini hilo ni jambo lingine.

Maswali yangu: nirudie oganiki? Nifanye MCAT hivyo hivyo, nijaribu bahati? Mama ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na ananinong'oneza niende uuguzi uwe mpango wa pili. Nifanyeje?

Wako,
Daktari wa Jina Tu

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale pale, kwenye kituo cha basi. Umeandika aya nzima juu ya alama, aya nzima juu ya vyama na safari, kisha ukapitisha mstari mmoja juu ya bibi na kusema hilo ni jambo lingine. Niruhusu nianze na hilo jambo lingine.

Daktari alisema maneno ya dakika tatu. Wewe ukatoa sentensi moja. Katikati hapo kuna kitu kilibaki mikononi mwako, na nadhani unakijua ni kitu gani. Labda lilikuwa jina la ugonjwa ambalo hukulijua kwa Kiswahili. Labda ulilijua vizuri sana, na ukashindwa kumwambia mtu anayekuita mwanangu. Sikuulizi ili nikulaumu. Mtoto wa miaka 13 hakupaswa kuwekwa kwenye kiti kile hata siku moja, na serikali ya nchi hiyo inalijua: kanuni za mwaka 2016, zilizotoka chini ya sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, zinazikataza hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwenye dharura. Mgonjwa asiyejua Kiingereza ana haki ya mkalimani aliyefunzwa, na halipi hata senti. Ndugu au jirani mtu mzima anaweza kusaidia, lakini mgonjwa mwenyewe awe ametaka hivyo, siyo kwa sababu daktari ana haraka na wewe uko karibu.

Kwa hiyo mrudie bibi. Keti naye, piga simu kliniki simu ikiwa kati yenu, omba miadi yenye mkalimani wa Kiswahili, hata awe wa kwenye simu au video. Bibi asikie dakika zote tatu. Wewe siku hiyo mshike mkono tu.

Ukishafanya hivyo, tuzungumze juu ya saa zako 90.

Mimi nilikaa miaka kadhaa kwenye ofisi ya chuo inayoshauri wanafunzi wanaotaka shule za afya, na nilikuwa nawaona wakija na daftari la saa kama mtu anayekusanya kuponi. Saa 200 za hiki, 50 za kile. Ukiwauliza, "Jumamosi iliyopita uliona nini?" wanatazama dari. Wewe una miaka saba ya kukaa katikati ya mgonjwa na daktari, umebeba habari nzito ukizitoa huku na kuzipeleka kule, halafu unazihesabu glavu. Mwanangu, huyo mwenzako wa saa 600 anatafuta nafasi ya kusimama pale ulipokuwa umesimama.

Sasa kazi hiyo ifanye rasmi. Vyombo vinavyotoa vyeti kwa wakalimani wa afya hapo Marekani vinataka mtu awe na miaka 18, athibitishe kwamba anazijua lugha zake mbili, na awe amepita mafunzo yasiyopungua saa 40. Hizo saa 40 zitakufundisha mambo ambayo hukuwa nayo siku ile: kumsimamisha daktari katikati na kumwomba akate maneno mafupi mafupi, kuandika namba na majina ya dawa papo hapo, kusema kwa nafsi ya kwanza kama anavyosema msemaji, na hasa ile sheria ngumu kuliko zote, kwamba huongezi na hupunguzi. Waswahili walishasema mjumbe hauawi. Nawe utajifunza kuamini hivyo. Hospitali na kampuni za ukalimani wa simu huajiri watu wa Kiswahili, na wanalipa. Utakuwa na wagonjwa kila wiki, na hela ya basi juu yake.

Fomu ya AMCAS, ambayo ndiyo mlango wa shule nyingi za udaktari huko, ina nafasi 15 za kuorodhesha shughuli zako. Kila moja unaieleza kwa herufi 700, na tatu unazozichagua kuwa zenye uzito zaidi unaongezewa herufi 1,325. Kuna na insha kuu ya herufi 5,300. Miaka saba ya ukalimani inaingia humo, hata ile ya nyumbani. Kadiria saa kwa ukweli na useme ni makadirio. Bibi mfiche kabisa, asiweze kutambulika hata na mtoto wake. Na usijifanye shujaa. Insha inayosema "nilimwokoa bibi kwa lugha yangu" nimesoma nyingi, za lugha zote duniani. Ile inayosema "nilitoa sentensi moja badala ya dakika tatu, na hiki ndicho nilichofanya baadaye" sijawahi kuisoma.

Haya, alama.

C+ usiirudie. AMCAS huhesabu kila jaribio, la kwanza na la pili, kwa hiyo ile C+ haifutiki hata ukipata A juu yake. Zamani shule za osteopathia, zile zinazotoa shahada ya udaktari iitwayo DO, zilikuwa na huruma ya kufuta alama ya kwanza, lakini fomu yao, AACOMAS, iliacha hivyo mwaka 2017. Shule nyingi zinaihesabu C kuwa imetimiza sharti la somo. Ukilirudia umelipa ada mara mbili na umekalia nafasi ambayo ingekaliwa na baiokemia, na baiokemia ndiyo somo litakalokusafisha. Wanaosoma maombi hutazama mstari unakoelekea. Aliyeanza na A akateremka na aliyeanza na C akapanda wanaweza kuwa na GPA moja, lakini hawasomwi sawa.

Hii ya pili, yenye 58, ndiyo ya haraka. Wiki hii peleka karatasi ya mtihani kwa mwalimu wako saa zake za kuonana na wanafunzi. Usiende kuomba alama. Mwambie, "Nionyeshe ni wapi fikra yangu ilipotea." Nina dau langu: unakariri. Oganiki inawaumiza watu wenye kumbukumbu nzuri, maana sekondari kumbukumbu iliwabeba, na hapa mimenyuko ni mingi mno kuikariri. Chukua karatasi tupu, funga kitabu, chora elektroni zinakotoka na zinakokwenda, kutoka palipojaa kwenda palipopungua, na ujisemeshe kwa sauti kwa nini zinakwenda huko. Ukikwama fungua kitabu, tazama, funga, anza upya mwanzo kabisa. Inachosha na inatia aibu. Ni lazima ikutie aibu ukiwa peke yako kabla haijakutia aibu kwenye mtihani.

Ikiwa mwalimu akikuambia kwa haki kwamba hesabu haziwezi kukupa C, jitoe kabla ya tarehe ya mwisho, uchukue W, alama ya kuonyesha umejitoa, ulisome tena kiangazi au muhula ujao. W moja haimuui mtu. W tatu ndizo zinaanza kusimulia hadithi. Kabla hujajitoa, uliza ofisi ya ufadhili idadi ya vipindi itakayobaki isije ikakupunguzia msaada wa ada. Hili watu husahau, wakalikumbuka bili ikifika.

MCAT mwezi wa nne? Hapana, na sitazunguka. Mtihani huo ni wa maswali 230 kwa muda wa saa sita na robo, bila kuhesabu mapumziko. Una sehemu nne, kila sehemu inapewa alama kati ya 118 na 132, jumla kati ya 472 na 528. Tangu ulipobadilishwa mwaka 2015 umejaa baiokemia, ambayo wewe bado hujaisoma, na una sehemu nzima ya saikolojia na sosiolojia. Hukutaja kama umeyasoma hayo mawili. Unataka kwenda vitani na bunduki iliyoagizwa, haijafika.

Na neno "nijaribu" liondoe kabisa. Unaruhusiwa kuufanya mara tatu kwa mwaka, mara nne kwa miaka miwili, na mara saba maisha yako yote, na shule utakazoomba zitaona matokeo yako yote. Kuna nafasi ya kufuta mwishoni mwa mtihani, kabla hujaona alama, lakini hata huo uliofutwa unahesabiwa kwenye zile saba. Walioanza udaktari mwaka 2023 wastani wao ulikuwa karibu 512, na GPA karibu 3.8. Wastani una walio juu na walio chini, kwa hiyo usitupe kalamu. Ila nataka uone kwa nini mwenye 3.4 hana anasa ya kufanya mtihani huu kwa kubahatisha. Mwaka huo waombaji walikuwa zaidi ya 52,000. Walioingia darasani hawakufika 23,000.

Sehemu moja nikuonye nayo mapema, ile ya kusoma na kufikiri, inayoitwa CARS. Ni maswali 53 kwa dakika 90, na haina sayansi hata kidogo: wanakupa vifungu vya falsafa, sanaa, historia, siasa. Sisi ambao Kiingereza kilitukuta tayari tuna lugha nyingine, hapo ndipo tunapoumia, na hakuna kitabu cha kukariri kinachosaidia. Kinachosaidia ni kusoma insha ngumu kila siku, moja, kwa mwaka mzima, ukijiuliza mwandishi anataka nini na anamkasirikia nani. Anza sasa, dakika 20, hata ndani ya basi.

Hela. Hapa una bahati ambayo huijui. AAMC, chama kinachoendesha MCAT na AMCAS, kina mpango wa kuwapunguzia ada waombaji wenye kipato kidogo. Mwanafunzi wa viza ya masomo hawezi kuupata, lakini wewe mwenye grini kadi unaweza kuomba. Ukikubaliwa, ada ya mtihani, ambayo bila msamaha inazidi dola 300, inashuka sana, unapewa vifaa vyao vya kujisomea, na ada ya AMCAS inafutwa kwa shule hadi 20. Shule nyingi zinaufuata msamaha huo kwenye fomu zao za pili pia. Sharti ni kwamba uombe na ukubaliwe kabla hujalipia kitu. Hawarudishi hela nyuma. Nimewaona watu wakilia juu ya hili.

Kwa hiyo ratiba yako mpya naiona hivi. Muhula huu uiokoe oganiki au uiachie kwa heshima. Kiangazi, mafunzo ya ukalimani, na oganiki kama inabidi. Mwaka wa nne uanze na baiokemia, saikolojia na sosiolojia zikiwa pembeni yake, na MCAT iwe kati ya Januari na Aprili, pale majaribio kamili ya mazoezi yatakapokuwa yanakupa alama unayoitaka mara kadhaa mfululizo. Fomu hufunguliwa mwanzoni mwa Mei, na kutuma huanza mwishoni mwa mwezi huo. Tuma mapema, maana shule nyingi huita watu kadiri maombi yanavyofika, na nafasi za usaili zinakwisha. Kiangazi chote utakuwa unajibu insha za pili za kila shule. Usaili ni kuanzia mwisho wa kiangazi hadi majira ya baridi, na masomo yanaanza mwaka unaofuata. Mwaka huo wa katikati unafanya kazi ya ukalimani. Wengi wanaoingia siku hizi wanapitia mwaka kama huo au zaidi. Wewe utakuwa na miaka 22 au 23. Mtu wa miaka 23 hajachelewa kitu chochote duniani, isipokuwa shule ya msingi.

Ukiomba, weka na shule za DO. Wahitimu wake ni madaktari kamili, wanaandika dawa na wanapasua kama wengine, na mtu asikuambie ni za walioshindwa.

Vyama vitano, baki na kimoja au viwili. Uweka hazina naupenda, unafundisha kusema hapana. Safari usiende. AAMC yenyewe ina mwongozo unaowaonya wanafunzi wasifanye nje ya nchi matibabu ambayo hawaruhusiwi kuyafanya Marekani, na kumchoma mtu sindano bila mafunzo ni mojawapo. Nami naongeza langu: kama hujaruhusiwa kumchoma Mmarekani, Mwafrika naye ana ngozi. Saa za Jumamosi hospitalini unaweza kuendelea nazo mpaka ukalimani uanze, kisha waachie wengine zile glavu.

Kitu ambacho hukukitaja ni barua za mapendekezo. Shule nyingi zinataka walimu wawili wa sayansi na mmoja wa somo lisilo la sayansi, na vyuo vingine vina kamati inayoandika barua moja ya pamoja. Barua nzuri haiandikwi na mwalimu aliyekupa A asikujue jina. Yule wa oganiki, ukienda kwake kila wiki na karatasi iliyojaa makosa mpaka mwezi wa tano, huenda akaandika barua nzuri kuliko wote. Sitanii.

Sasa Mama. Mwambie Shangazi anamsalimu, na kwamba uuguzi hauitwi mpango wa pili mbele ya mtu anayegeuza wagonjwa kitandani usiku kucha. Shule za uuguzi zina ushindani wake, na zinamtambua upesi mtu aliyekuja kujificha. Kama kinachokuvuta ni kukaa na mgonjwa saa nyingi, kumjua mpaka namna anavyolala, basi tazama uuguzi kwa heshima yake: mwenye shahada ya kwanza anaweza kuingia programu za haraka za mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Wapo na wale wanaoitwa PA, kazi yao inakaribiana na ya maafisa tabibu wa kwetu, masomo ni ya miaka miwili hadi mitatu na wanatazama sana saa ulizomhudumia mgonjwa. Omba siku moja umfuate Mama kazini, kama wakuu wake wataruhusu. Kwenye barua yako umemfuata daktari na umemfuata bibi. Mama hujamfuata.

Baba nimemwacha mwisho kwa sababu nadhani ni mwepesi kuliko unavyomwogopa. Hakudanganya mtu. Alisema anachokijua, nawe ukanyamaza, na ukimya wa miaka mitatu umeota mizizi. Mkalishe siku ambayo hana haraka. Chora mstari kwenye karatasi: miaka 4 ya shahada ya kwanza, miaka 4 ya shule ya udaktari, kisha miaka 3 hadi 7 ya mafunzo hospitalini kulingana na fani. Weka kidole ulipo.

Atauliza kwa nini Wamarekani wanapoteza miaka 4 ya mwanzo. Una jibu. Mwishoni mwa karne ya 19 shule nyingi za udaktari huko zilikuwa biashara, mtu analipa, anasikiliza mihadhara, anatoka na cheti. Johns Hopkins ilipofungua shule yake ya udaktari mwaka 1893 ikadai kwanza shahada. Mwaka 1910 Abraham Flexner akaandika ripoti iliyoisifu Johns Hopkins kama kielelezo, na baada yake shule dhaifu zikafungwa kwa makumi. Zilifungwa pia shule tano kati ya saba za madaktari weusi, zikabaki Howard na Meharry, na hilo Baba naye alijue, maana jambo lililonyoosha elimu ndilo lililofunga milango ya watu. Wanaume wa umri wa Baba wanapenda historia. Mpe historia, atakuwa na kitu cha kuwaeleza wajomba badala ya aibu.

Kisha mwambie C+. Herufi yenyewe, usizungushe. Anaweza kunyamaza siku mbili. Mvumilie.

Na Mama mdogo mwenye upele mwambie aende kliniki.

Tarehe ya mwisho ya kujitoa kwenye oganiki iko kwenye kalenda ya chuo, itafute leo kabla hujalala. Kliniki ya bibi inafungua asubuhi. Anza na simu hiyo.

Shangazi